Neno Nililompa Shangazi

Ilianza Alhamisi, saa kumi na robo jioni, siku mbili kabla ya Idi Kubwa. Mpaka leo nikisikia harufu ya hina iliyokandwa kwa ndimu narudi pale pale Changamwe: nimebeba chakula cha shangazi, shule zimefungwa, nina miaka kumi na mitatu na sina rafiki hata mmoja.

Kosa lilikuwa langu. Mwalimu wa hesabu alinisifu mbele ya darasa: "Huyu si msichana, huyu ni jikedume!" Wavulana wakapiga makofi, nami nikalewa sifa. Tangu siku ile nikaacha wanja, nikaacha kwenda kusukwa kwa kina Zuhura, jirani zetu, na wasichana wakicheka mimi nakunja uso. Wavulana nao hawakunitaka kwenye mpira wao. Basi kila mapumziko nilikaa peke yangu nyuma ya tangi la maji, nikijiambia ndivyo watu wa maana wanavyoishi.

Niliyetaka kufanana naye ni Shangazi Mwanaisha, mwanamke pekee katika gereji ya kuchomelea trela za malori. Jioni ile alivua glavu ili anawe, nami nikashtuka. Hina! Maua mekundu, kuanzia kucha mpaka vifundoni.

"Shangazi, wanaume hawa watakuonaje? Na wewe ni jikedume!"

Akacheka. Kisha akaitazama trela aliyokuwa akiichomelea.

"Chuma nilichochomelea kikishika, wanaume hawa wasema nina dume ndani yangu. Kikiachia, wasema ndio wanawake hao. Sasa, mwanangu, mimi mwenyewe nasifiwa lini?"

Akanishika vidole. "Mbona mitupu mikono hii? Idi hiyo yaja."

"Sitaki mambo ya kike."

"Yamekukosea nini?"

Nikageuza uso, nikamfungulia chakula. Akala haraka, akavaa glavu, akarudi kwenye cheche zake.

Nilidhani amenikasirikia. Sasa niko kidato cha tatu, ndipo naelewa: neno nililompa kama zawadi lilikuwa likimfuta. Nami nilikuwa nimejifuta kwa mkono wangu, kisha nikashangaa mbona hakuna anayeniona.

Lakini usiku ule wa Alhamisi swali lake halikunitoka, na asubuhi yake, kabla ya chai, nilibisha hodi kwa kina Zuhura. Wasichana walikuwa uani wamezunguka bakuli la hina.

"Lo! Dume hilo limekuja!" akasema Zuhura, wote wakaangua kicheko.

Nikaketi pembeni mwa mkeka, nikamnyooshea mikono yote miwili.