Ujumbe wa Wifi Yangu Umekwama Mikononi Mwangu

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mwenye blogu nifichie jina, maana Waswahili wa London tunajuana hadi rangi za mapazia. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, Mpemba, naishi Barking na mume na watoto. Kazi yangu ni kuhudumia wazee.

Ni msimamizi pia wa kundi letu la imeli, la Wazanzibari tulio nje. Lilianzishwa na wazee waliokimbia kwao kwa sababu ya kusema, basi fahari yetu ilikuwa kila mtu aseme lake. Ulipopita uchaguzi watu wakatukanana matusi ya nguoni, tukaamua kila ujumbe upite kwetu wasimamizi kwanza, kwa zamu, na miezi hii zamu ni yangu. Sheria niliiandika mimi mwenyewe: hairuhusiwi kumtaja mtu kwa ubaya. Majina yetu wasimamizi hatuyaweki, tusije tukagombezwa hadi misibani.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Walthamstow aliandika kundini kuwa binti yake kaposwa, jina la kijana akalitaja, akaomba anayemjua aseme. Kwetu binti hatolewi mpaka kijana aulizwe, na huku ugenini mtaa wetu ndio hilo kundi. Nilipoliona jina nilifurahi. Ni mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, aliyekuja kusoma na viza yake iko ukingoni; akioa mwenye pasi ya huku ndiyo atabaki. Alishatuambia kuwa na mkewe wa Pemba wameachana. Sifa zikamiminika, "kijana wa watu, hana makuu," nikazipitisha zote.

Kisha ukaja ujumbe kutoka Wete, kwetu Pemba; kumbe habari zimeshafika huko.

"Ndugu msimamizi, mimi ni mke wa huyo mnayemsifu. Sijaachwa, nimekatiwa simu tu. Nina watoto wake wawili, na huyu mdogo hajamwona baba yake. Mume akioa mke wa pili simzuii, lakini mama wa huyo binti ajue. Naomba na mimi uniruhusu niseme."

Wifi yangu! Nilipokwenda likizo alinilaza kitandani pake, yeye akalala chini. Hajui kuwa anayemwomba ruhusa ni mimi. Nililia mbele ya kompyuta mpaka wanangu wakaniuliza, "Mum, who died?"

Nikampigia mdogo wangu. Wala hakukana. Kumbe kwa wakwe zake hawa wapya amesema hajawahi kuoa.

"Dada, si mmeandika wenyewe mtu asitajwe kwa ubaya? Basi fuata rule yako."

Nilitamani nimzabe kofi ndani ya simu. Mama yetu, anayekaa naye Hounslow, akamnyang'anya simu.

"We mwana, mdogo wako akirudishwa Pemba kwa sababu yako, mimi nikifa usije kunizika."

Akakata. Tangu hapo hapokei simu yangu. Mume wangu naye anasema niufute, mambo ya watu yataisha yenyewe. Yataishaje, na yule kule Wete anangoja?

Mtasema nimwendee huyo mama wa Walthamstow nimnong'oneze. Nilikwenda. Nilimkuta sokoni anachagua kitambaa cha sare ya harusi, akanikumbatia, akaniita mkwe, akanikatia na mimi kipande. Nilirudi nacho nyumbani na neno langu mdomoni.

Jana akawaandikia wasimamizi, yaani mimi: "Mungu awalipe kwa kutuwekea uwanja huru. Nilikuwa na wasiwasi, lakini lingekuwapo baya watu wangelisema. Nimeshakubali, nikaha ni Jumamosi."

Ujumbe wa wifi yangu bado uko kwangu, sijaupitisha wala sijaufuta. Nikiupitisha nampoteza mama yangu. Nikinyamaza, binti wa watu anaolewa kwa sababu mimi nimemziba mdomo mwanamke mwenzangu. Na leo asubuhi kaandika tena, maneno machache tu: "Ndugu msimamizi, au nimekosea kuandika? Nifundishe, nitaandika upya."

Ndugu zangu, Jumamosi hiyo inakuja. Nimjibu nini?