Sala ya Marehemu Kwenye Kibanda cha Gemu

Juzi nilishuka Mbinga mjini na kahawa yangu. Siku hizi wanunuzi binafsi wamejaa, kila mmoja na mzani wake, lakini hayo tuyaache. Mvua ikanisukuma ndani ya kibanda cha gemu. Mimi shule niliishia darasa la pili, gemu ningelijulia wapi? Kwenye televisheni nikaona magari yasiyo na magurudumu yakipaa na kurushiana makombora. Moja likakosa kona, likatumbukia korongoni.

Mwanangu Kastori alikufa hivyohivyo, na lori la kahawa, kwenye mteremko wa kwenda Mbamba Bay. Basi nikavua kofia, nikapiga magoti, nikaanzisha sala ya marehemu. Vijana waliokuwamo kibandani wakaitikia kwa mazoea ya kanisani, kisha wakaangua kicheko.

“Babu, unamzika nani? Huo mchezo tu!” akasema aliyekuwa anacheza. Akabonyeza kitufe, gari likarudi barabarani, zima kabisa. “Umeona? Kafufuka huyo!”

Wakacheka tena. Nami, bado nimepiga magoti, nikamwuliza, “Mjukuu wangu, na mimi nikikibonyeza?”

Hapo ndipo walipoona kuwa nalia.