Wembe Mpya Siku ya Kumaliza Matanga

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wala sijaisahau, uzee wote huu.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipovuka mpaka wakajaa huku Ngara, nasi wa kijiji cha Ntobeye tukiokota kuni njia moja nao. Baba mkubwa alikuwa amefariki, na siku ya kumaliza matanga ilikuwa lazima mjane wake, mama mkubwa, anyolewe. Kazi nilipewa mimi, kwa sababu nilikuwa nimenunua wembe mpya katika duka la mjini Kabanga, ule wa kukunja wenye mpini. Nilijivuna nao, nakiri. Niliamini kwa kuwa ni mpya, basi ni mkali.

Baadhi ya wazee wetu walisema damu ikimtoka mjane siku hiyo, msiba haujaisha. Sijui kama ni kweli. Nilichojua ni kwamba uani wote walikuwa wananitazama mkono.

Nilipopitisha wembe mara ya kwanza, mama mkubwa aliruka.

"We mtoto, unaninyoa au unaninyonyoa? Mimi kuku?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikakimbilia kinoo cha mapanga nyuma ya nyumba, nikasugua kwa nguvu, mgongo wa wembe nimeuinua juu. Nilivyozidi kuogopa ndivyo nilivyozidi kukandamiza.

Karibu pale alikuwapo Mzee Laurenti, mkimbizi aliyekuja kutoka kambini kutulimia migomba. Aliweka jembe chini.

"Kijana, utauua huo wembe."

"Ni mpya, mzee. Umetoka dukani juzi."

"Kwani dukani wananoa? Wanauza tu. Lete. Nyumbani nilikuwa kinyozi."

Elewa hali ya wakati ule, mwanangu. Panga likipotea, tulisema ni wakimbizi. Kwa haki niseme, wengine wao waliiba kweli, na wengine wetu waliiba tukawasingizia wao. Binamu yangu alininong'oneza, "Usimpe." Nami nilikuwa nikiwaza hivyo hivyo. Lakini nilisikia mama mkubwa akiniita, nikampa.

Akageuza kinoo upande uliolainika, akakimwagia maji. Akaulaza wembe, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, akausukuma makali yakitangulia, taratibu, kama mtu asiyekandamiza kabisa. Kisha akaomba mkanda wangu wa ngozi, akaupitisha wembe juu yake huku na huku. Hapo mgongo ndio ulitangulia, la sivyo angeukata mkanda. Alipomaliza akasema:

"Inama. Tujaribu kwako kwanza."

Nikainama, mwanangu. Binamu yangu alishika fimbo. Nikasikia ubaridi nyuma ya sikio, basi, nywele zikaanguka.

Akanirudishia wembe, mpini mbele. "Mama ni wako. Mnyoe mwenyewe."

Nilimnyoa mama mkubwa mpaka mwisho, hata tone la damu halikutoka. Alijipapasa kichwa akasema polepole, "Sasa mume wangu amelala."

Nilipogeuka kumshukuru mzee, alikuwa amesharudi kwenye migomba. Ndipo nikaziona nywele zake: ndefu, zimesokotana, za mtu asiyenyolewa miezi mingi. Kwao pia mfiwa hunyolewa siku ya kumaliza matanga. Nililijua hilo. Wembe ulikuwa mkononi mwangu, mkali tayari, na sikumuuliza anamlilia nani. Waliporudishwa kwao hakuniaga, au labda alipita sikuwapo. Sitaki kumsingizia.

Basi, sikusoma sana, huenda naeleza vibaya. Ukipewa kazi na kifaa kipya, kijaribu kwako kabla ya kukipeleka kwenye kichwa cha mwenzio. Ukiogopa, punguza nguvu za mkono, umwulize anayejua, hata akiwa ni yule mnayemtilia mashaka. Na akishakusaidia, usikimbilie shughuli yako. Mtazame naye kichwani.

Mungu akujalie mkono mwepesi, mwanangu, na siku utakapofiwa, usikose wa kukunyoa.