Ulimi wa Bi Chanchalben

Enzi za rupia, pale Malindi, Bi Chanchalben ndiye aliyeonja majani ya chai kabla mwanawe Kanji hajayauza dukani. Asubuhi moja alionja yaliyoingia juzi, akaonja na ya zamani yaliyolala koponi; yote yakawa mamoja. Akaogopa: ulimi umekufa, na kazi yake nyumbani imekwisha. Kisha akaramba midomo, akahisi chumvi.

"Manjula, mwanangu, maji haya ya chai umeteka wapi?"

"Kisimani, mama. Ya mvua nimeogea," akajibu mkaza mwanawe.

"Umeoga chai yangu!"

Wakacheka. Manjula akaomba maji ya mvua kwa jirani, Bi Chanchalben akaonja upya, taratibu. Majani mapya yalikwaruza; ya zamani yakateremka laini, utamu ukabaki kooni.

"Kanji!" akaita. "Ya kopo usiuze. Ni yangu."