Nilishuka kufanya salongo Wamaza, wakaniletea kiti

Wakuu, salamu kutoka Kasongo, huku Kongo. Mvua inanyesha, wateja hakuna, acha niwape kisa changu. Sijakitia chumvi.

Mimi nauza mabati, misumari na saruji. Maisha yamenikubali, sitajifanya mnyonge hapa. Kwetu ni Wamaza, upande wa Kabambare, na huko nimemjengea mama nyumba ya matofali. Kila mtu ananiita Patron, yaani bosi. Kusema kweli, nilikuwa nalipenda hilo jina.

Sasa, kwetu kuna salongo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Miti ya daraja ikioza, wanaume wote wanatoka kuibadilisha.

Kwa miaka mingi nilikuwa natuma misumari, pamoja na kibarua wa kushika nafasi yangu. Hakuna aliyelalamika. Misumari yangu ni mizuri.

Juzi juzi nilienda kumwona mama, miguu inamsumbua, hatoki tena nje. Salongo ikanikuta huko. Nikavaa buti, nikashuka mtoni.

Wakaniletea kiti. Cha plastiki wakuu, kwenye matope!

"Patron, ikala hapa. Utachafuka."

Nikakaa. Watu niliokua nao wanabeba magogo, wanataniana, mimi natabasamu tu kama mgeni wa serikali. Nikishika gogo, mtu ananipokonya kwa adabu.

Nyumbani nikamsimulia mama huku nacheka. Yeye hakucheka.

"Mutoto yangu, miye niko karibu kwenda. Ile siku, watu watanichimbia kaburi, watanibeba. Weye watakuletea kiti."

Iliniuma. Mimi ndiye mtoto wake pekee wa kiume. Nikajiona siku hiyo nimekaa pembeni, nasubiri wenye mama yao wamalize kuzika.

Nikaahirisha kurudi Kasongo. Daraja lilikuwa halijaisha, na salongo iliyofuata nikatangulia, nikaingia majini hadi kiunoni. Kiti kilipofika nikasema wampe chifu.

Nikapangwa gogo moja na Saleh, mtoto wa baba mdogo. Mikono yangu imezoea kalkuleta, gogo likaniteleza likamwangukia mguuni.

"We Abedi! Macho iko wapi? Shika muzuri, mujinga weye!"

Wote wakageuka kunitazama. Walikuwa wanangoja Patron akasirike.

Wakuu, tangu niwe na duka hakuna mtu wa Wamaza aliyewahi kunifokea. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nikamwomba msamaha, nikashika vizuri, tukaenda. Saleh alichechemea na kunitukana njia nzima.

Sijagawa mali, tusidanganyane. Duka lipo na nalipenda. Ila nilidhani kuheshimiwa na kuwa mtu wa watu ni kitu kimoja, kumbe sivyo. Mama bado yuko hai, na nikienda kwetu siku hizi napangiwa kazi kama wengine.

Nyie mliofanikiwa mkahama kwenu, huko nyuma amebaki nani wa kuwaita wajinga mbele ya watu? Nasoma komenti zote, mvua bado haijakata.