Kitambaa Cheupe cha Mama

Msiniambie habari za vitambaa vyeupe vya kanisa. Kwetu Kanja, kila mama aliyefunga ndoa kanisani alivaa kitambaa cha lesi kichwani, cheupe pe, na karibu vyote vilifumwa na mama yangu. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kukivaa.

Alikuwa mke wa pili, basi. Mbuzi walipelekwa kwao, pombe ya asali ikanywewa, wazee wakaridhika, lakini kanisa likasema hiyo si ndoa. Kila Jumapili alikaa benchi la nyuma na skafu ya maua ya sokoni, akitazama kazi ya mikono yake kwenye vichwa vya wenzake huko mbele.

Mke mkubwa alipofariki, Mama alipata matumaini, maskini. Alimwomba Baba waende kwa kasisi, hata bila sherehe. Baba alikuwa anakula githeri. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Nikuoe mara ngapi? Kwani mbuzi niliowapeleka kwa baba yako walikuwa wa kuazima?"

Mama aliondoa sahani, akarudi kwa sindano yake ya kroshia. Hakuomba tena. Nilimchukia Baba siku hiyo, na sijaacha.

Nikamwambia Mama avae tu kitambaa, nani atamfanya nini? Akavaa. Mwenyekiti wa akina mama alimkuta mlangoni mwa kanisa, akamfungua kitambaa kichwani mbele ya watu, akakikunja vizuri, akakitia kwenye mkoba wake.

"Utaratibu ni utaratibu, mama."

Na wiki hiyo hiyo, bila haya, akaagiza vingine vya mabibi harusi. Mama akafuma! Ningekuwa mimi, ningemfumia kamba ya ng'ombe.

Mama alipofariki, mimi ndiye niliyemvisha kule mochari, na jeneza likafungwa pale pale. Mazishini walikuja wote na weupe wao, wakaimba, mwenyekiti akasifu mikono ya marehemu mpaka akalia. Ati mikono!

Kaburi lilipokwisha kufunikwa, mwenyekiti akanijia.

"Pole sana, mwanangu. Mungu akutie nguvu." Kisha akaninong'oneza, "Kuna kile kitambaa cha harusi ya binti yangu. Mama alisema amekimaliza. Hukuona alikiweka wapi?"

"Nilikiona," nikamwambia. "Amekivaa."