Majibu ya Maji ya Kwetu

Mwaka wa pili wa chuo niliumaliza nikiwa na hamu moja tu, kuingia kwenye utafiti wa mtu, wowote ule. Nilikuwa nasoma kemia, na wenzangu wajanja walishajua kwamba anayemaliza bila kushiriki utafiti hana la kusema mbele ya waajiri zaidi ya kuonyesha cheti. Nikaanza kugonga milango ya walimu. Mmoja aliniambia nimtumie barua pepe, nikatuma, na nadhani mpaka leo hajaifungua. Mwingine alisema nirudi wiki ijayo, na kila niliporudi ilikuwa bado wiki ijayo. Wa tatu aliniuliza kwa upole kama ninajua kutengeneza printa. Nilijua, nikaitengeneza, akanishukuru sana, basi.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi ni mbishi, na ubishi huo nimeurithi kwa mama.

Mwishowe nikaingia kwa mwalimu aliyekuwa akitafiti maji, mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, ambaye wanafunzi wengi walimkwepa. Nikamwamkia, nikaanza hotuba yangu kuhusu shauku niliyokuwa nayo. Akanikatiza.

"Kwenu wapi?"

"Huku juu, Madam. Mlimani, ukishapita Usa River."

"Mnakunywa maji gani?"

"Ya chemchemi."

Akanitazama mdomoni, nami nikaufunga. Meno yangu ni ya kahawia, kama ya wengi waliokulia upande wetu wa Mlima Meru, na nilishazoea kucheka huku nimeweka mkono mbele.

"Niletee hayo maji," akasema. "Utayapima mwenyewe. Halafu majibu utawapelekea wenye maji kabla mimi sijayaandika popote. Wakikubali yaingie kwenye utafiti, na wewe umeingia. Wakikataa, tutakuwa tunasalimiana tu koridoni."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Alisema huko Nduruma na kwingineko watu walishachoshwa na wageni wanaojaza chupa, wakapiga picha na kupotea moja kwa moja, na hakutaka mwanafunzi wake awe mmojawapo. Nilitoka pale na furaha tele. Mwenyekiti wa kamati ya chemchemi yetu alikuwa mama yangu mzazi, kwa hiyo nilijiona nimeshaipata nafasi.

Nilipopima mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Nikarudia. Madini ya floridi yalikuwa mengi kuliko kwenye chupa nyingine zote zilizokuwa mezani. Madam akanieleza, bila kubadili sauti, kwamba madini hayo huharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi. Aliyefika na meno yake ya ukubwani, rangi hiyo haimpati.

Hapo furaha yote ikaniishia. Mama alizaliwa Machame, akaolewa kwetu akiwa na meno meupe, na weupe huo haukumtoka. Kwa hiyo miaka yote aliamini kwamba shida yetu ni uvivu. Kila asubuhi alitusimamisha mlangoni, akatusugua meno kwa mkaa uliosagwa na chumvi mpaka fizi zikatoa damu, huku akilalamika kwamba ukoo wa baba yetu haujui mswaki. Chemchemi ndiyo ilikuwa fahari yake. Aliisimamia ikajengewa, aliwafukuza waliotaka kunywesha ng'ombe pale, na mgeni akifika nyumbani alipewa maji kwanza, ayasifie, ndipo chai ifuate.

Jumamosi nikapanda nyumbani. Nilimkuta anakatakata migomba kwa ajili ya ng'ombe. Nikamwamkia, nikachukua panga jingine nikamsaidia, tukaongelea mvua, tukaongelea ndama, mpaka sikuwa na mahali pengine pa kuzungukia. Nikamweleza yote nikiwa nimeinamia kazi, pamoja na kwamba akikataa nami nimekosa nafasi. Niliogopa atakataa. Niliogopa zaidi kwamba atanielewa.

"Hicho chombo chenu hakikosei?"

"Nimepima mara mbili, mama."

"Mbona mimi nayanywa kila siku?" Akagusa meno yake.

"Wewe ulikuja mtu mzima. Yanaharibu ya watoto, yakiwa bado hayajaota."

Akaweka panga chini. Nilisubiri anifokee, maana mama yangu hukasirika kwanza, mengine baadaye. Ng'ombe walikuwa wanatungoja, naye hakuwatazama. Akanishika kidevu, akanifungua mdomo, akayaangalia meno yangu taratibu, jino baada ya jino.

"Kwa hiyo mlikuwa mnasugua vizuri?"

"Tulikuwa tunasugua vizuri, mama."

"Na baba yenu?"

Baba alikuwa ameshafariki. Nilitamani nipate jibu jingine la kumpa.

"Na yeye pia."

"Na nilikuwa namsema mbele ya ndugu zake," akasema. "Yeye anacheka tu."

Machozi yalinilenga, nikaokota vipande vya mgomba nikawapelekea ng'ombe. Niliporudi alikuwa amesimama, anafunga kanga upya kiunoni. Sikuthubutu kumuuliza kuhusu nafasi yangu. Nilikuwa tayari kusalimiana na Madam koridoni mpaka nimalize chuo.

"Mwambie mwalimu wako aandike," akasema. "Aandike yote, na jina la chemchemi aliweke."

"Asante, mama. Wanakamati wengine nitakusaidia kuwaeleza kesho baada ya ibada."

"Kesho ni mbali." Alishaanza kushuka njia ya kwa jirani. "Hawa wamama wote wenye watoto wadogo, mkaa niliwafundisha mimi."